Bei za kivuli kwenye njia ya faiba

Mimi ni mpangaji wa mtandao wa faiba hapa Dodoma, na ukiitoa kazi yangu mapambo yake, inabaki kuwa kazi ya kuwanyima watu. Benki inataka njia kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Kampuni ya simu inataka Morogoro hadi Singida. Kuna wa Shinyanga anayetaka kufika Dodoma tu. Wote wanalipa, wote wana haraka, na kila mmoja ana mtu wa mauzo aliyesimama mezani kwangu akisema, "Kaka, huyu usiniangushe." Njia ni ile ile.

Kwa wasio wa fani: ndani ya uzi mmoja wa faiba hatupitishi mwanga mmoja. Tunapitisha rangi nyingi kwa pamoja, zote zikiwa karibu na nanomita 1550, ambako kioo hupoteza mwanga kidogo kuliko kwingine na ambako vikuza mwanga vya erbiamu hufanya kazi vizuri. Jicho halizioni, lakini mafundi tunaziita rangi, au lambda, na tunazipa namba. Zikiachana kwa gigahezi 50, kwenye bendi tunayoitumia zinaingia themanini na ushee. Unaona ni nyingi mpaka siku utakapoanza kuziuza.

Ugomvi unaletwa na sharti moja. Rangi iliyoingia Dar es Salaam ikiwa namba 17 inatakiwa itoke Mwanza ikiwa 17. Kuibadilisha katikati ya safari maana yake ni kuugeuza mwanga kuwa umeme na kuurudisha tena kuwa mwanga, na kadi za kufanya hivyo ni ghali kiasi kwamba ukiziomba unaitwa ofisini ujieleze. Kwa hiyo namba 17 lazima iwe wazi katika kila kipande cha njia, kwa wakati mmoja. Mtu wa Morogoro–Dodoma akishaikalia, vipande vingine vyote vya rangi hiyo vinabaki vitupu na bado havimfai mteja wa safari ndefu. Fungua faili langu la Excel utakuta nafasi nyeupe kila mahali, na mimi nimekaa hapo namwambia mtu kwamba hakuna nafasi.

Ukiwa na rangi moja na mstari mmoja, hesabu yake ina jibu kamili na kompyuta ya kawaida inalitoa haraka. Hata rangi zikiwa nyingi, mradi kila mteja anaweza kutumia yoyote, bado jibu kamili linapatikana. Mambo yanaharibika pale mitambo ya mteja fulani inapokubali rangi hizi na kuzikataa zile, hali ambayo ndiyo ya kila siku. Hapo tatizo linaingia katika lile kundi la matatizo ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyamaliza kikamilifu, na wengi wa wanaoyafahamu wanaamini njia hiyo haipo. Kinachobaki ni makadirio: unatoa jibu ambalo si bora kabisa, lakini una uthibitisho kwamba haliko mbali na lililo bora kwa zaidi ya mara kadhaa.

Sasa, swali ambalo wenzangu huniuliza ni kwa nini nihangaike na algoridhimu ya mtawanyiko, ile ambayo kila kituo kinaamua kwa kuongea na majirani zake tu. Si kuna seva moja inayoona mtandao mzima? Ipo. Na siku za kawaida inatosha, sitabishana.

Lakini kuna usiku katapila la wajenzi wa barabara lilikata faiba upande wa magharibi wa Morogoro. Huduma zote zilizokuwa zikipita pale zilitakiwa zihamie njia ya mzunguko ya kaskazini, kupitia Arusha na Babati, ambako rangi zilizokuwa wazi zilikuwa chache kuliko waliozitaka. Wakati ule ule seva yenyewe ilikuwa upande mmoja wa mkato, na nusu ya vituo vilikuwa upande wa pili vikisubiri amri ambayo haikuwa na pa kupita. Tulipanga kwa simu, kituo kwa kituo, kwa kubishana. Waliopata rangi kwanza ni wale ambao fundi wao wa zamu alikuwa na sauti kubwa.

Hali ya pili haihitaji katapila. Njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigali, Bujumbura au Lubumbashi haina mwenyewe mmoja. Kipande hiki ni cha huyu, kile ni cha yule, na hakuna kati yao atakayempa mwenzake daftari la wateja wake. Hapo hakuna seva itakayoona yote, leo wala kesho, kwa sababu ambazo hazihusiani na teknolojia hata kidogo.

Kwa hiyo nilikaa na kusoma. Walioanza kuufungua mlango kwa upande wa mistari ni watafiti Alessandro Panconesi na Mauro Sozio, mwaka 2008. Mwaka 2012 Venkatesan Chakaravarthy na wenzake wa IBM nchini India wakaenda mbele zaidi. Wazo lao nitalieleza kwa maneno yangu, kwa sababu ni zuri na sijawahi kuona mtu akilieleza kwa Kiswahili.

Kila kipande cha njia, katika kila rangi, kinaanza na bei sifuri. Hii si bei ya mauzo, hakuna anayelipa chochote. Ni bei ya kivuli, ya kufanyia hesabu tu. Maombi yanapangwa kwa urefu wa safari: mafupi kwanza, kisha yenye urefu hadi mara mbili ya hayo, kisha mara nne, na kuendelea. Kundi likifikiwa na zamu, kila ombi linajumlisha bei za vipande vyake. Jumla ikiwa imefikia thamani ya ombi lenyewe, ombi hilo linanyamaza, maana njia yake imekuwa ghali kuliko linachoweza kuleta. Ikiwa haijafikia, linataka kupandisha.

Maombi mawili yanayogombea kipande kimoja hayawezi kupandisha bei kwa pamoja. Nani atangulie, na hakuna mwenyekiti? Hapa wanaazima mbinu ya Michael Luby ya mwaka 1986. Kila ombi linavuta namba ya bahati nasibu na kuwaonyesha wale tu linaogongana nao. Mwenye namba kubwa kuliko majirani zake wote anapita, majirani zake wanakaa pembeni, na ambao bado hawajajulikana wanavuta tena. Idadi ya raundi inakua kwa kasi ya logi ya idadi ya maombi, yaani ukitoka maombi elfu moja hadi milioni moja, raundi zinaongezeka kama mara mbili tu. Hiyo peke yake ilitosha kunifanya niendelee kusoma.

Aliyepita anapandisha bei mpaka ifikie thamani yake, lakini hapandishi kila mahali. Anachagua vipande vitatu: cha mwanzo wa safari yake, cha katikati na cha mwisho. Pengo lililobaki analigawa sawasawa katika hivyo. Nilipofika hapa niliweka karatasi chini nikachora mistari. Kwa nini vitatu? Tuseme ombi lililopita ni mimi. Kwa sababu tumeanza na mafupi, kila atakayekuja baada yangu ana safari yenye urefu usiopungua nusu ya yangu. Mtu wa namna hiyo akigongana nami mahali popote, hana budi kuupitia mwanzo wangu au mwisho wangu. Na kama ameingia ndani yangu mzima mzima, basi kwa urefu ule lazima apite katikati. Jaribu kumpenyeza pasipo kugusa mojawapo ya sehemu hizo tatu, hapenyi. Hivyo bei niliyoiacha itamkuta tu.

Akishapandisha, ombi linaingia kwenye rundo. Makundi yote yakiisha, rundo linafumuliwa kutoka juu: wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kuhudumiwa. Anayefuata akikuta njia yake iko wazi anaichukua. Akikuta imeshikwa anaondoka, na hana haki ya kulalamika, kwa kuwa aliyemzuia alikuja baada yake, akaikuta ile bei aliyoipandisha yeye, na thamani yake ikatosha kuibeba bei hiyo na bado ikabaki. Thamani ya aliyebaki imeshameza bei ya aliyeondoka. Uthibitisho mzima umesimama juu ya sentensi hiyo.

Tuufanye kwa namba. Mstari wangu una vipande vitano: Dar–Morogoro, Morogoro–Dodoma, Dodoma–Singida, Singida–Shinyanga, Shinyanga–Mwanza. Rangi ni moja. Waombaji ni wanne, na thamani zao nimezitunga, tuseme ni milioni za shilingi kwa mwezi. Chuo kinataka Dar–Morogoro, 4. Kampuni ya simu inataka Morogoro–Singida, 5. Yule wa Shinyanga anataka Dodoma–Shinyanga, 6. Benki inataka Dar hadi Mwanza, 12.

Chuo ndicho chenye safari fupi kuliko wote, kipande kimoja tu, kwa hiyo kinaweka bei 4 hapo Dar–Morogoro na kuingia kwenye rundo. Wanafuata kampuni ya simu na wa Shinyanga, kila mmoja ana vipande viwili, na wanagongana Dodoma–Singida. Wanavuta namba, tuseme kampuni ya simu imeshinda. Safari yake ina vipande viwili, kwa hiyo mwanzo, kati na mwisho vinaishia kuwa hivyo hivyo viwili, na inaweka 2.5 katika kila kimoja. Inaingia kwenye rundo. Sasa wa Shinyanga anahesabu: Dodoma–Singida tayari ni 2.5, yeye ana 6, pengo ni 3.5. Anaongeza 1.75 kwa kila kipande chake. Dodoma–Singida sasa ni 4.25 na Singida–Shinyanga ni 1.75. Naye anaingia. Benki inakuja mwisho, inajumlisha njia nzima: 4, 2.5, 4.25, 1.75 na sifuri. Jumla 12.5. Yenyewe ina 12. Inanyamaza.

Fumua rundo: wa Shinyanga anapata, kampuni ya simu inakuta Dodoma–Singida imeshikwa na kuondoka, chuo kinapata. Jumla 10.

Mwenye macho makali ameshaona kwamba ningempa benki peke yake ningepata 12. Ni kweli, na ndiyo maana nimeuchagua mfano huu badala ya ule ambao algoridhimu inatoka ikiwa shujaa. Lakini angalia zile bei tena. Katika mpango wowote unaokubalika, kila kipande kinatumika na mtu mmoja tu, na kila ombi lina thamani isiyozidi jumla ya bei za vipande vyake. Kwa hiyo hakuna mpango duniani, hata wa kompyuta yenye akili kiasi gani, utakaozidi jumla ya bei zote, yaani 12.5. Mimi nina 10. Bila kulijua jibu bora, tayari ninajua kwamba nina asilimia 80 yake au zaidi.

Hili ndilo ninalotaka watu wa fani yangu walisikie, maana wengi wakiona "uhakika wa robo" wanafunga karatasi. Uhakika wa jumla kwa mistari yenye rangi nyingi ni kweli kwamba ni kama robo ya jibu bora: vile vipande vitatu, na cha nne ni bei ya binafsi ambayo kila mwombaji anajiwekea ili asije akapewa rangi mbili. Vitatu na kimoja, nne. Panconesi na Sozio walikuwa na ishirini, yaani sehemu moja tu ya ishirini ya jibu bora, kundi la India likaishusha hadi nne, ukiongeza chembe ndogo unayoichagua mwenyewe na kuilipia kwa raundi za ziada. Lakini robo ni ahadi ya siku mbaya kuliko zote zinazoweza kutokea. Kwa siku ya leo, na wateja wa leo, zile bei zinakupa cheti cha leo. Meneja akiniuliza kama hapakuwa na mpango bora zaidi, simjibu kwa uzoefu wala kwa umri wangu kazini. Namwonyesha jumla ya bei, nayo inasema mpango bora hauwezi kuzidi hapa.

Na ule mtindo wa kumpa mwenye thamani kubwa kwanza, ambao ndio unaotumika ofisi nyingi hata kama hakuna anayeukiri? Chukua mstari wa vipande hamsini, mteja mmoja wa njia nzima mwenye 7, na wateja hamsini wa kipande kimoja kimoja wenye 6 kila mmoja. Mtindo huo unampa mwenye 7 na kuziacha 300 mezani. Urefushe mstari, hasara inarefuka nao, haina kikomo. Kwa bei za kivuli, yule mwenye 7 angejumlisha njia yake, akakuta 300, akanyamaza.

Nchi si mstari, bila shaka. Dodoma yenyewe ni njia panda: kusini kuna Iringa, kaskazini Babati na Arusha. Kwenye mtandao wenye matawi namna hii, ambao tunauita mti, hila ya urefu haifanyi kazi, kwa sababu safari inaweza kukugusa kupitia tawi ambalo urefu hauna la kusema juu yake. Kundi lile la India lilitafuta mpangilio mwingine: chagua kituo ambacho ukikiondoa, hakuna kipande cha mti kinachobaki na zaidi ya nusu ya vituo; kisha fanya vivyo hivyo ndani ya kila kipande. Unapata ngazi chache, idadi yake ni logi ya vituo, na maombi yanapewa zamu kwa ngazi hizo badala ya urefu. Kwa kuunganisha hilo na marekebisho ambayo sitayaeleza hapa, vipande vya kupandishia bei vinakuwa sita badala ya vitatu. Sita na kimoja, saba. Sehemu hii ndiyo ngumu zaidi katika kazi yao, na pia ndiyo ninayoiheshimu zaidi.

Yapo yanayonikera. La kwanza, kila mwombaji anachukuliwa kuwa anasema kweli kuhusu thamani yake. Huu si mnada. Mwenye 5 akijitangaza kuwa ana 15, hakuna kitu ndani ya algoridhimu kitakachomkamata, na tukirudi kwenye ile njia ya kwenda Kigali yenye wamiliki wengi, nani atajitangaza kwa uaminifu? Nadhani ingefaa thamani isomwe kwenye mkataba uliosainiwa, lakini hapo tena tumerudi kwenye kuoneshana madaftari.

La pili ni wale wasiohitaji rangi nzima. Mteja akitaka sehemu tu ya uwezo wa kipande, nadharia bado inamhudumia, ila namba za uhakika zinapanda hadi makumi. Cheti cha bei bado kinatoka, kwa hiyo si mkosi, lakini ahadi yenyewe siwezi kuipeleka kwenye kikao.

La tatu ni pete. Mitandao mingi ya faiba ya kweli hujengwa kwa pete ili mkato mmoja usiue huduma, na kila ombi lina njia mbili za kuzunguka. Nimejaribu kwa karatasi. Njia mbili unazihesabu kama machaguo mawili ya mwombaji mmoja, na ile bei ya binafsi inazuia asipewe zote. Kisha chagua kipande kimoja cha pete na uyagawe machaguo hayo: yasiyokipita yanabaki kwenye mstari wa kawaida, ambao uhakika wake ni nne; yanayokipita, katika kila rangi litakubaliwa moja tu, kwa hiyo hapo tatizo ni la kuoanisha waombaji na rangi. Kuoanisha huko, kwa majirani kuongea wao kwa wao na jozi yenye thamani kubwa kuliko jirani zake kujichukulia, kunakupa angalau nusu. Chukua mpango ulio bora kati ya hiyo miwili: nne na mbili, sita. Ninaamini inaweza kushuka, kwa sababu kutupa mpango mmoja mzima namna hiyo ni ubadhirifu. Waombaji wa upande mmoja wangeweza kujaza mapengo ya upande wa pili. Nikikata pete mahali palipo na maombi machache zaidi, mazoezi yangu kwa data za zamani yanatoa matokeo mazuri kuliko hiyo sita, ila sina uthibitisho. Mwenye nao aniandikie.